Gesti Aliyoichagua Lempi

Watu wanaodhani safari ya pikipiki za theluji ni mashine, hao hawajawahi kuvaa soksi mbichi alfajiri. Mashine ni mashine tu, zote hunguruma na zote huharibika. Safari ni pale utakapolala. Ukilala vibaya siku ya kwanza, siku ya pili unaendesha maili mia umenuna, unamchukia aliye mbele yako kwa kosa la kuwa mbele yako. Ndiyo maana kwetu huku Michigan ya juu kila kikundi kina mtu wake wa kuchagua malazi, na mtu huyo hulaumiwa mwaka mzima. Kikundini kwetu alikuwa Orval Ranta, kwa miaka ishirini na sita. Halafu, bila mkutano wala kura, kazi ikahamia kwa mkewe, Lempi.

Lempi alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini. Mfupi, mabega mapana, amezoea kulisha watoto mia tatu na kuwanyamazisha kwa kugonga sufuria mara moja. Hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Alipokuwa akitafuta malazi alipiga simu amesimama, na wala hakuuliza habari za kitanda, kwa sababu alisema kila mtu husifia kitanda chake. Aliuliza viatu vinakaushwa wapi. Aliuliza kama tukitoka mlangoni tunaingia njiani moja kwa moja, au itabidi tukwaruze skii za mashine kwenye lami. Na mwisho aliuliza kwa upole kama kuna gereji yenye joto ya kuwekea mashine. Mwenye nyumba akijisifu kwamba ipo, Lempi alimshukuru na kukata simu. Theluji iliyonasa chini ya mashine ikiyeyuka gerejini, asubuhi ukiitoa nje yale maji yanaganda, mkanda wa chini unaoisukuma mashine haugeuki, na mnabaki mnapiga mashine mateke hadi saa nne. Mtu asiyejua hilo, alisema Lempi, hajawahi kupokea watu kama sisi.

Basi tulimwamini. Ndiyo maana mwaka ule alitushangaza.

Tulikuwa watano. Orval na Lempi. Mimi Clifford, niliyefanya kazi na Orval kiwanda cha mbao tangu hatujaota mvi. Na Dwayne na mkewe Bev, ambao wana miaka hamsini lakini sisi bado tunawaita vijana. Mwezi wa kumi na moja tulikutana kwenye kibanda cha klabu kama kawaida, tukanywa kahawa, na Dwayne akatoa simu yake. Alikuwa amepata loji mpya kule mlimani. Chumba cha kukaushia viatu chenye mabomba ya hewa ya moto. Sauna. Chakula cha jioni kinachopikwa na mtu anayejua kupika. Njia inapita mbele ya ngazi. Hata banda la mashine lilikuwa la baridi. Ungesema wameijenga wakimsikiliza Lempi kwenye simu.

Lempi alizitazama picha zote, moja moja, akamrudishia simu. Akasema tunakwenda Birch Point.

Sasa Birch Point ni gesti ya vyumba sita kando ya ziwa, tuliyolala kila mwaka tangu ujana wetu, na tuliyokuwa tumeanza kuikimbia kwa sababu za haki kabisa. Magodoro yamebonyea katikati, ukilala na mwenzako mnakutana shimoni mtake msitake. Viatu unavikausha juu ya hita hadi vinanuka kama samaki wa jana. Kuta zake, mtu akijigeuza chumba cha pili wewe ndiye unayeamka.

Dwayne aliuliza kwa nini. Lempi akasema kwa sababu ameshasema. Nami nina mdomo, hilo sifichi.

“Shemeji,” nikamwambia, “mwaka juzi uliikataa nyumba nzuri kwa sababu haina ndoano za kutundika glavu. Leo unapewa ndoano mia, unataka misumari. Huyo mwenye gesti anakupa nini?”

Watu wakacheka. Orval naye alicheka, ila alicheka wa mwisho, baada ya kututazama nyuso kwanza ajue kama kulikuwa na la kuchekesha. Niliona. Nitasema ukweli wangu, niliona vizuri, na nikamimina kahawa nyingine. Lempi alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alisema asiyetaka Birch Point ana kitanda chake nyumbani. Tukanuna, tukakubali.

Nililolijua baadaye nalisema sasa, maana mambo ya kufichana yameshatugharimu vya kutosha. Tangu kiangazi akili ya Orval ilikuwa inampotea. Si siku zote. Mchana alikuwa Orval, anatania, anatengeneza mashine za watu. Lakini akilala nyumba ngeni aliamka hajui aliko. Mwezi wa tisa walikwenda kwa binti yao mjini, na alfajiri jirani alimkuta barabarani akiwa na chupi tu, anatafuta choo. Ilikuwa mwezi wa tisa, akarudi na mafua tu. Mwezi wa tatu kwetu, usiku mmoja wa namna hiyo ni kifo. Nyumbani kwake hakupotea hata mara moja. Basi Lempi akapiga hesabu zake: atafute nyumba ambayo miguu ya Orval inaijua. Birch Point, chumba namba nne, choo kushoto, mlango kulia. Miaka ishirini na sita.

Mbona hakutuambia? Kwa sababu aliyaona yaliyompata baba mkwe wake akili ilipompotea. Kwetu watu wakishajua kichwa cha mzee kimeanza kuchoka, huja kwa wema. Kwa wema wanachukua funguo zake, kwa wema wanachukua msumeno, kisha bunduki, halafu wanakuja Jumapili na keki wanamzungumzia mbele yake kana kwamba ameshazikwa. Lempi alitaka msimu mmoja zaidi, mumewe awe mtu kati ya watu. Hilo tu. Nami nilimwambia anahongwa na mwenye gesti.

Mwezi wa tatu tukaenda. Juu ya mashine Orval hakusahau kitu. Kona, ishara za mkono, nani asubiriwe njia panda, yote yalikuwamo mikononi mwake. Tulifika jua halijazama, tukapanga mashine zetu juu ya mbao mbele ya milango, pua zikitazama ziwa, tukaingia kula pasti za moto, ile mikate ya nyama na viazi tuliyobebewa na Bev.

Funguo tuliziacha kwenye mashine. Kwetu ufunguo hauchomolewi. Kuna anayehitaji kusogeza mashine yako apitishe yake, kuna anayeugua usiku, na mwizi gani atakuja maili arobaini ndani ya msitu kwenye baridi ya kung’oa kucha? Anayechomoa ufunguo anawaambia wenzake kwamba hawaamini. Lempi usiku ule aliuchomoa wa Orval kimyakimya, akaulalia. Zetu hakuzigusa. Angezigusaje bila kueleza?

Niliamka kwa sauti ya mashine yangu. Naijua inavyokohoa ikiwa baridi. Nikadhani Dwayne ananifanyia utani, nikatoka na nguo za kulalia na viatu visivyofungwa. Kulikuwa kunapambazuka. Mbao zangu zilikuwa tupu, na alama ya mkanda ilikuwa imeshuka moja kwa moja hadi ziwani. Lempi alikuwa amesimama kwenye theluji, ameshika glavu za mumewe.

“Orval amechukua mashine yako,” akasema.

Nikaanza kufoka. Kwamba ana yake, kwamba yangu sijamaliza hata msimu nayo, kwamba mtu mzima huomba. Aibu yake inaniwasha hadi leo. Aliniacha nikamaliza.

“Cliff, Orval anapoteza kumbukumbu. Daktari alituambia mwezi wa nane. Ufunguo wetu nimeulalia. Wa kwako sikuufikiria.”

Sikuuliza amekwenda wapi, nilijua. Ng’ambo ya ziwa palikuwa na duka la mikate la bibi mmoja akiitwa Saima. Miaka yote ile, tukilala Birch Point, Orval aliamka kabla ya wote, akavuka barafu, akarudi na mkate wa iliki umefungwa ndani ya koti lake, bado una moto. Hiyo ilikuwa zawadi yake kwetu. Saima alikufa miaka minane iliyopita na duka likafungwa. Ndipo nikaelewa Lempi alivyokosea, maskini wa Mungu. Alimtafutia nyumba ambayo hatapotea, na kweli hakupotea. Aliamka akijua kabisa aliko na kazi yake ni nini.

Na njia yake ya zamani ilipita karibu na mdomo wa mto, ambako sasa hakuna anayepita mwezi wa tatu, kwa kuwa maji yanakula barafu kutoka chini.

Nilikimbilia ndani nikavaa suruali, koti na kofia ngumu, Lempi akanipa ufunguo, nikapanda mashine ya Orval, yeye akakaa nyuma yangu. Tulifuata alama. Hakukata kona, hakusita, alikwenda moja kwa moja kama zamani. Mbele ya mto barafu ilikuwa ya kijivu, na pembeni kulikuwa na maji meusi yanafuka mvuke. Alama ya mkanda ilipita kando ya maji yale, umbali wa kitanda. Nikasimama. Nikatazama ng’ambo, nikaiona ikiendelea upande wa pili, nikavuta pumzi. Sisi tulizunguka mbali. Nililia ndani ya kofia ngumu, sikuona haya, hakuna anayekuona ndani ya kofia. Lempi alikuwa amekamata mkanda wa suruali yangu kwa mikono miwili.

Tulimkuta kwenye ngazi za duka. Madirisha yamepigiliwa mbao. Mashine yangu inanguruma barabarani, naye amesimama wima mbele ya mlango kama mtu aliye kwenye foleni, bila kofia, bila glavu.

“Saima kachelewa leo,” akaniambia.

Vidole vyake vilikuwa vyeupe hadi kwenye viungo. Nilifungua koti, nikaichukua mikono yake nikaipachika makwapani mwangu, juu ya ngozi. Baridi yake ilinikata pumzi. Miaka arobaini ya urafiki hatujawahi kukumbatiana, kwetu wanaume hupeana mkono kwenye mazishi basi. Tulisimama hivyo kifua kwa kifua, Lempi amevua kofia yake anamvika yeye, na mimi namtazama usoni kwa karibu kuliko nilivyowahi. Alizitazama zile mbao za dirishani muda mrefu. Niliona akili inavyomrudia.

“Saima alikufa,” akasema.

“Ndiyo.”

“Tulibeba jeneza, mimi na wewe.”

“Mimi na wewe.”

Hapo nikamgeukia Lempi, maana hofu ikinitoka hutoka kama hasira. “Ungeniambia, shemeji. Ungeniambia ningelala na ufunguo mdomoni.”

“Ningekuambia ungesema abaki nyumbani.”

Nilitaka kukanusha. Nikakumbuka nilivyomimina kahawa siku ile kibandani. Angekuwa amebaki nyumbani. Ningetoa hoja nzuri tu, ya usalama, na wote wangekubali.

Orval alikuwa anatusikiliza, mikono bado makwapani mwangu. “Msigombane juu yangu,” akasema. “Waambie na wale vijana, Lempi. Waambie leo, nikiwa nimekaa hapo hapo nasikia.”

Tukarudi kwa njia ndefu, yeye nyuma yangu, Lempi kwenye mashine ya pili. Vidole viliokoka vyote, ila kimoja kiliota lengelenge. Katika chumba namba nne, Lempi alisimama katikati akawaambia Dwayne na Bev kila kitu, kuanzia kwa daktari hadi mto. Orval alikaa kwenye kile kitanda kilichobonyea, vidole ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, akimsahihisha tarehe mara mbili. Mara moja alikuwa sahihi. Bev alilia. Dwayne hakujua atazame wapi, akawa anatazama viatu.

Tulikuwa na usiku mmoja zaidi wa kulala safarini. Nilimwona Lempi anajiandaa kusema kwamba wao wawili wanarudi nyumbani na sisi tuendelee. Dwayne akamwahi. Na hakumuuliza Lempi, wala hakuniuliza mimi. Alichuchumaa mbele ya beseni.

“Mzee Orval, wewe leo unataka kulala wapi?”

Orval alitoa mikono kwenye beseni, maji yakidondoka kwenye vidole vyake.

“Katikati yenu,” akasema.

Tukaanza kusogeza vitanda.