Ngitili na Ombi la Pili

Siku ombi langu lilipokataliwa sikuhuzunika. Nilikasirika, na hasira ile sijaijutia mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msaidizi wa utafiti Shinyanga, chuo nimekiacha juzijuzi tu. Mapori yalikuwa yanafyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Kazi yangu ilikuwa kuwanasa na kuwahesabu hao mbung'o, kisha taarifa inatoka kwa jina la mkubwa wangu, Mzungu mpole aliyependa chai na utii.

Lakini nilikuwa na swali langu mwenyewe. Sisi Wasukuma tuna ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Nilitaka kujua kama miti nayo hurudi humo, na ikirudi, kama mbung'o huifuata. Wakwe zangu walikubali nitumie ngitili yao. Wafyekaji walikuwa wanaisogelea. Bila fedha za uzio na vibarua, ingefyekwa, na swali langu lingeishia hapo.

Basi nikaandika ombi kwa kamati ya utafiti, na nikaliandika kama nilivyolelewa. Kwetu anayeomba hujishusha. Washenga wangu walipokwenda kuposa, walisema wamemleta kijana asiyejua hata kushika jembe, na wazee wakacheka kwa kuwa walijua maana yake. Nami nikaiambia kamati, kwa Kiingereza safi, kwamba mimi mdogo wao sijui mengi na huenda swali langu halina maana.

Jibu lilikuwa fupi. Kamati inakubaliana na mwombaji kwamba swali lake halina maana.

Mke wangu, aliyekuwa mwalimu, alilisoma akacheka mpaka akakaa chini. Nilimwambia watu wale hawana adabu, wamenielewa vibaya. Akafuta machozi.

"Hawakukuelewa vibaya, baba," akasema. "Wamekuamini."

Maneno hayo yaliniuma kuliko barua yenyewe. Mwaka mpya ulipoingia tukaanza upya mezani, yeye akinihoji kama mwanafunzi mtoro. Unajua nini ambacho wao hawakijui? Kwa nini mwaka huu, si mwaka kesho? Asubuhi ya kwanza utafanya nini? Nilipojibu kwa kuzungukazunguka alinirudisha. Kila "huenda" aliikata kwa kalamu yake nyekundu, hata zile nilizodhani zina haki ya kubaki, na tuligombana kweli juu ya mbili tatu. Ombi likabaki nusu ya lile la kwanza. Lilianza hivi: hakuna afisa hapa aliyekulia ndani ya ngitili isipokuwa mimi.

Mkubwa wangu alilisoma akakunja uso. Alisema lina kiburi, akanishauri tuweke jina lake juu na langu chini, lingepita bila taabu. Alidhani ananisaidia. Nilimshukuru, nikamwambia jina la juu litakuwa langu, na likikataliwa, likataliwe likiwa langu. Hakunipa chai siku ile.

Kamati ikaniita. Mwenyekiti alikuwa na maombi yangu yote mawili mbele yake. Alisoma mstari mmoja wa lile la zamani, kisha mmoja wa lile jipya, taratibu, wenzake wakitabasamu.

"Mwaka jana ulisema hujui. Mwaka huu unasema unajua kuliko sisi sote. Uongo ni upi?"

Nikamjibu nikimtazama usoni.

"Ule wa mwaka jana, bwana. Mwaka jana niliwaheshimu ninyi. Mwaka huu nimeiheshimu kazi."

Hakuna aliyetabasamu tena. Waliniambia nitoke nje, nikatoka nikiamini nimejiharibia.

Kabla ya mvua fedha zilikuja. Wafyekaji walipofika kwenye ngitili ya wakwe zangu, walikuta uzio na kibao. Msimamizi wao akauliza bwana mkubwa wa mahali pale ni nani, ili akamwombe ruhusa ya kupita.

Nikamwambia aniombe mimi.