Ubovu wa Mjengo wa Awali

Zamani mtu aliyekabidhiwa tangi la samaki alianza kusafisha kule chini ambako mgeni haangalii, lakini siku hizi wanafuta kioo cha mbele, wanapiga picha, wanatia sahihi kwenye fomu na kwenda zao.

Fundi Uvungu alikuwa wa zamani. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu ukimtafuta kazini ulikuta miguu tu, kichwa kimezama chini ya sinki au nyuma ya mtambo. Shule aliishia darasa la tano. Mengine alijisomea mwenyewe kwenye maelekezo ya nyuma ya makopo na kwenye vitabu vilivyokwisha kupoteza majalada, akayajua mabomba kuliko waliosomea mabomba. Aliweka mabomba ya kiwanda cha sabuni. Kiwanda kikavunjwa, pakawa maegesho ya magari. Aliweka ya bweni la wasichana. Yakang'olewa, yakaletwa ya plastiki yanayopasuka kila mwaka. Katika vyote alivyojenga kwa mikono yake, kilichobaki kinafanya kazi kilikuwa kimoja tu: tangi la samaki wa maji ya chumvi kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki ya macho, refu kama mlango uliolazwa ubavu.

Jumanne moja alikuwa nyumbani anakula. Mama Pacha, msafishaji wa kliniki, aliingia bila hata kubisha hodi sawasawa.

"Karibu ukae, Mama Pacha," alisema mke wa fundi.

"Sikai, dada. Nikikaa nitalia, na nikilia sitarudi kazini." Akamnyooshea fundi karatasi. "Soma mwenyewe, Mzee. Nimeibandua ubaoni."

Ilikuwa ripoti ya kampuni iliyopewa kazi ya kutunza tangi. Ilisema mafuriko matatu yaliyotokea umeme ulipokatika yalitokana na "ubovu wa mjengo wa awali". Tangi liondolewe Ijumaa. Samaki wapelekwe popote watakapopokelewa.

Fundi Uvungu aliisoma mara tatu. Mjengo wa awali ulikuwa yeye.

"Nani kaandika?"

"Yule kijana wao. Kishikwambi."

Kijana huyo naye alikuwa na jina lake la kuzaliwa, ila pale kliniki hakuna aliyelitumia, maana hajawahi kuonekana bila kishikwambi chake mkononi.

"Miaka ishirini na miwili," alisema fundi. "Maji hayajawahi kumwagika hata tone, mpaka walipokuja hao."

"Sasa utamaliza chakula kweli?" aliuliza mkewe. "Mbona nakuona umeshavaa viatu?"

Kliniki ilikuwa na harufu ya dawa na ya zulia lililolowa likakaushwa vibaya. Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, alikuwa dirishani akigawa namba. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, hacheki ovyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuangalia ubovu wangu."

Sista hakutabasamu. "Mzee, mafaili yangu yamelowa mara mbili. Wagonjwa wangu hawaoni vizuri, na sakafu inageuka ziwa. Siwezi kumvunja mtu kiuno kwa ajili ya samaki."

"Nipe hadi Ijumaa asubuhi. Nitazima umeme mwenyewe, mbele yako."

"Na maji yakimwagika?"

"Waondoe tangi, na ile ripoti ibaki kama ilivyo."

Sista aliinua kidole kimoja. "Hata kikombe kimoja, Mzee. Kikombe kimoja, linaondoka."

Fundi alifungua kabati lililobeba tangi. Humo ndani kulikuwa na tangi la pili, dogo, lisiloonekana na wagonjwa. Yeye alikuwa akiliita tumbo. Maji ya juu hushuka humo na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, hupita vyumba vitatu vilivyotenganishwa kwa vioo, huchujwa na sponji nene kabla ya chumba cha mwisho, na huko pampu huyarudisha juu. Kazi ya tumbo ni kupokea uchafu wa wengine. Na tumbo lisipotolewa uchafu huo, mwisho wake linaugua.

Hakugusa kitu. Alikaa sakafuni akasikiliza. Pampu ilikuwa inakoroma.

"Ikianza kukoroma hivi mnafanyaje?"

"Tunaongeza maji," alisema Mama Pacha. "Ndoo moja tu, inanyamaza."

"Maji gani?"

"Ya bombani."

"Na nani kawafundisha?"

"Kishikwambi. Alisema maji yamepungua."

Fundi Uvungu alicheka kwa pua. Akampa Mama Pacha tochi, akamwonyesha. Chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa mashapo meusi kiganja kizima, maji yake yakikaribia ukingo. Sponji ilikuwa imeziba kabisa. Chumba cha mwisho kilikuwa karibu kitupu, pampu ikivuta hewa na kulalamika.

"Maji hayajapungua. Yamezuiliwa huku nyuma na uchafu. Pampu inalia kiu, nyinyi mnaipa ndoo. Kesho inalia tena, ndoo nyingine. Sasa umeme ukikatika, maji ya juu yanashuka yanakuta nyumba imejaa wageni. Yaende wapi?"

"Kwenye mafaili ya Sista," alisema Mama Pacha, akajishika mdomo. "Yaani mafuriko ni sisi?"

"Wewe ulitii tu. Huyo aliyekuambia hakuwahi kupiga magoti hapa. Angalia suruali yake siku akija, ilivyo safi magotini."

Jumatano alianza kazi. Alifunga vali ya bomba linalorudisha maji juu, akaziba kwa kitambaa pale maji yanapomwagikia kushuka tumboni, ili samaki wabaki na maji yao, ndipo akazima pampu. Aliweka mpira mwembamba kwenye mashapo, akavuta kwa mdomo mara moja, akayaachia ndooni. Hakuharakisha, maana mashapo ya miaka yakikorogwa hutoa sumu. Alisogeza mpira inchi kwa inchi, kama anayemlisha mgonjwa uji. Ndoo ya kwanza ilitoka nyeusi, yenye harufu ya yai viza, na safu nzima ya wagonjwa ikahamia upande wa mlangoni.

"Samahani jamani!" Mama Pacha alipaza sauti. "Si mimi, ni tangi!"

Sponji hakuiosha kwa sabuni wala kwa maji ya bomba. Aliikamua mara nyingi ndani ya ndoo ya maji yale yale ya chumvi yaliyotoka tangini, kwa sababu humo vinaishi vijidudu vinavyokula uchafu, na dawa ya maji ya bomba ingevimaliza. Chumba cha katikati, chenye mawe, hakukigusa kabisa. Alikiacha na uchafu wake kidogo kwa makusudi. Siku hizi mtu akisafisha anataka king'ae. Ndiyo maana wakishang'arisha, kesho yake samaki wanaelea matumbo juu, nao wanaandika ripoti kwamba samaki walikuwa wazee.

Kwenye ndoo ya tano Mama Pacha alipiga ukelele. Nyuma ya jiwe, katika tope lililobaki, palikuwa na kamba mwekundu mwenye mistari myeupe, mnene, akipunga ndevu zake ndefu.

"Huyu alikufa mwaka juzi! Mzee, nilimlilia huyu!"

"Alishuka na maji akakuta chakula hakiishi. Wewe ungerudi juu?"

"Nirudishie machozi yangu, mshenzi wewe," Mama Pacha alimwambia kamba, akampandisha juu kwa kikombe.

Alhamisi aliutumia mchana mzima kukoroga chumvi ya bahari kwenye pipa, akipima kwa kipimo chake cha kioo, na kuyarudisha maji polepole mpaka chumvi iliyopunguzwa na ndoo za bomba ikakaribia kiwango chake. Kisha alikwangua ukoko kwenye ukuta wa tumbo mpaka ukatokea mstari aliouchora kwa msumari miaka ishirini na miwili nyuma: pampu ikiwa inafanya kazi, maji yasizidi hapa. Mwisho akachukua sindano ya mkewe. Juu, chini kidogo ya uso wa maji, bomba la kurudishia lilikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Alilitoboa yeye siku ile ya kwanza na kuliita tundu la pumzi. Pampu ikizimwa, bomba hugeuka likaanza kunyonya maji ya juu kuyashusha, mpaka uso wa maji ufike kwenye tundu, livute hewa, na unyonyaji ukatike. Alilikuta limezibwa na ukoko mgumu kama jino. Alilichokonoa mpaka sindano ikapita.

Ijumaa asubuhi walikusanyika. Sista, mikono kifuani. Mama Pacha, na matambara bega zima. Kishikwambi, na kishikwambi.

"Mzee, kwa heshima," alisema kijana, "mngefunga kifaa cha kisasa. Kinatuma ujumbe kwenye simu."

"Ujumbe unasemaje?"

"Kwamba maji yanamwagika."

"Tunaye Mama Pacha. Ujumbe wake unafika bila simu."

Wagonjwa walicheka. Fundi Uvungu alizima swichi.

Pampu ilinyamaza. Ndani ya kabati maji yalianza kupanda. Yalivuka mstari wa msumari, kama yalivyopaswa. Yakapanda. Vikabaki vidole vitano kufika ukingo, vikabaki vinne. Mama Pacha alianza kushusha matambara. Vitatu. Kijana aliinua kishikwambi apige picha. Fundi hakutazama chini. Alitazama lile tundu la juu, na midomo yake ilikuwa imekauka. Vikabaki viwili. Sista alipiga hatua nyuma kuokoa viatu.

Ndipo bomba likatoa mlio mrefu wa kufyonza, kama mtu anayemalizia kinywaji kwa mrija, likakohoa, unyonyaji ukakatika. Maji yalitikisika yakatulia. Sakafu ilikuwa kavu.

Walisubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani. Hakuna kilichosogea ila kamba mwekundu kule juu, akizurura kama mwenye nyumba.

"Mimi nimeshayakunja matambara," Mama Pacha alitangaza, sauti ikapasuka, akamkumbatia fundi mpaka kofia ikaanguka.

Sista aliichukua ripoti, akaiweka juu ya kaunta, akakata mstari maneno "ubovu wa mjengo wa awali".

"Niandike nini hapa, Mzee?"

"Kutosafishwa. Na uandike kwa wino, Sista, si kwa penseli."

Aliandika kwa wino, akatia sahihi, akamgeuzia Kishikwambi naye atie. Kijana alisoma, akatia. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa ameajiriwa kufuta kioo. Lakini fundi alitoka pale akitembea katikati ya barabara kama barabara ni yake, na gari lililompigia honi lilimngoja.

Miezi mitano baadaye macho yake mwenyewe yaliingia ukungu. Mkewe alimpeleka kliniki, wakapewa namba, wakakaa benchi la nyuma. Mbele, Sista na Mama Pacha walikuwa sakafuni na ndoo na mpira, na Mama Pacha alikuwa akiwahutubia wagonjwa.

"Tundu lenyewe lile pale juu. Hamlioni, mmetiwa dawa machoni, basi niaminini. Wataalamu walikuja na mitambo yao wakashindwa. Sisi tukaweza."

"Sisi nani?" mke wa fundi alinong'ona, akimchoma kwa kiwiko. "Hebu nenda kamwambie!"

"Mwache."

Namba yake iliitwa. Alimpa kijikaratasi yule mama aliyekaa pembeni yake, akamwambia apite yeye kwanza, kwa sababu alitaka kuendelea kutazama. Mwezi uliofuata walihamia kwa binti yao, mbali na pale, na hakurudi tena. Hivyo mara ya mwisho kuwaona ilikuwa hiyo: Mama Pacha alivuta mpira kwa nguvu kupita kiasi, akajaza mdomo maji meusi, akayatema ndani ya ndoo huku akilaani ukoo mzima wa samaki, na Sista, yule asiyecheka ovyo, alikuwa amekaa kwenye sakafu iliyolowa, kofia ya uuguzi imelala upande, akicheka mpaka machozi.