Pumzi Tatu za Papa Anaclet

"Nasema siwezi," Émérance alisema, akakigonga kijiko cha ugali wa bukari mezani. "Muntu mwenye mvi, nimupigie kelele mbele ya pua? Mama yangu alinizaa Likasi, hakuniokota kwenye poubelle ya takataka."

"Si kelele ya matusi," mume wake Constant alisema. "Ni kelele ya kazi."

"Bon, kesho nenda weye uipige."

Constant alikuwa dereva wa tramu, na kelele zake za kazi zilimtosha. Akaomba mboga.

Hiyo ilikuwa mwaka 2008, kwao Laeken, huko Ubelgiji. Émérance alikuwa na miaka thelathini na sita, watoto wawili, na vitabu vinne vya mifupa juu ya friji. Alikuwa anasomea kinésithérapie, tiba ya viungo, upande wa mapafu, darasa moja na wasichana ambao angeweza kuwatuma dukani. Mitihani ya kuandika alipita. Kugonga mgongo wa mtoto mchanga mpaka makohozi yalegee alipita, tena alisifiwa. Kilichomshinda ni mashine ya kupuliza.

Mashine yenyewe si ya maajabu. Mgonjwa anabanwa pua kwa kibanio kama shati kwenye kamba, anafunga midomo juu ya bomba, anavuta hewa mpaka mabega yapande, halafu anaitupa yote kwa nguvu na kuendelea kusukuma hata akidhani ameisha. Hakuna mtu mwenye akili atakayefanya hivyo kwa hiari yake. Lazima mtu asimame pembeni amfokee. Madame Berthe, Mbelgiji aliyemfundisha, alikuwa mwembamba kama ufagio, lakini akifoka hata wagonjwa wa chumba cha pili walipuliza. Émérance yeye alimwambia mgonjwa kwa heshima ya baba, "Papa, kama haikusumbui, uongeze kidogo." Papa haikumsumbua. Aliacha. Na kwenye kioo cha mashine, pale ulipotakiwa mstari unaopanda kama mlima, ulitokea wa Émérance, umelala kama mkeka.

Madame Berthe akamwambia: Ijumaa, mgonjwa mmoja, mistari mitatu inayofanana. Ikikosekana, stage, yaani mafunzo ya kazini, inarudiwa mwakani. Émérance alijijua. Mwaka mwingine wa kupika saa kumi na moja ya asubuhi na kukariri mbavu ndani ya metro, hapana. Akianguka Ijumaa, harudi tena.

Tena kulikuwa na jambo lingine lililomkaa kooni, na jambo hilo lilivaa kofia. Ndiye Papa Anaclet, mkuu wa stesheni wa zamani huko Lubumbashi, mjane, mzee wa kikundi cha sala. Wiki tatu nyuma, Émérance alikuwa anakimbilia mtihani, akampita kwenye ngazi za metro ya Porte de Namur. Alisema "Jambo papa," lakini aliisema akiwa amekwisha kumpa mgongo. Kwa Papa Anaclet, salamu ya mgongo ni salamu ya mbuzi. Akalipeleka neno kwa muuza samaki wa barabara ya chaussée de Wavre, akalirudia baada ya misa, akalipiga kwa simu mpaka mji wa Anvers kwa watoto wake: "Bibi ya Constant iko na deni yangu ya salamu." Watu wakaanza kumuuliza Émérance kama amelipa. Na yeye kichwa chake si cha pamba. "Nilimusalimia," alisema. "Kama hakusikia, apeleke masikio kwa munganga."

Ijumaa mlango ukafunguka, kofia ikaingia kwanza, kikohozi nyuma yake.

Madame Berthe akamvuta Émérance pembeni. Huyu alikwisha kuja mara moja, alisema. Nilipomfokea alitoa bomba, akapangusa midomo, akaniambia ameamuru watu tisini na hakuna aliyempandishia sauti. Akaenda zake. Na bila mistari mitatu daktari hajui ampe dawa gani, naye anakohoa tangu Noeli.

Papa Anaclet alimwona Émérance, akatazama dari. "Bonjour, madame," alisema, kwa Kifaransa, kama mtu wa posta.

Mara ya kwanza Émérance alisema tafadhali. Mzee akapuliza kama anayepoza chai. Mkeka. Mara ya pili alisema tafadhali sana, na mzee akaachia bomba katikati ya pumzi ili aseme, "Vijana ya leo hawasimamake kusalimia."

Madame Berthe akatazama saa. Émérance akauona mwaka wake mzima unatoka kwa mlango, na sauti ikapanda yenyewe.

"Papa Anaclet! Pumzi ile ulitoa kunisema kwa muuza samaki, iko wapi? Ile ya kisha misa? Ile ya téléphone mpaka Anvers? Leta yote humu. Vuta. Haya sukuma, papa! Sukuma papa yangu, bado, bado, bado, iko ingine ndani, mimi naijua, sukuma!"

Na Papa Anaclet, macho yamemtoka, akasukuma. Alisukuma kama watu wanavyosukuma behewa lililokwama. Mstari ukaruka juu, ukashuka polepole, mzuri kama wa kitabuni.

"Encore deux," Madame Berthe alisema, akiinua vidole viwili.

Aibu ilikuwa imemshika Émérance mpaka masikio, lakini mbili ni mbili. Akafoka tena, na tena, na muuza samaki hakusahaulika hata mara moja. Mistari mitatu ikalaliana kama dada waliokatiwa kitenge cha pagne moja.

Mzee akatoa kibanio puani, machozi yanamchuruzika. Émérance akangoja deni la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Papa, unisamehe."

Mzee aliinua mkono mpaka pumzi irudi. "Tangu bibi yangu akufe," alisema, "hakuna muntu alinipigia kelele na Kiswahili. Ya mwisho ilikuwa juu ya viatu kwenye kapeti."

"Alikuwa na haki?"

"Alikuwa na haki." Akaweka kofia magotini. "Donc, basi. Deni."

Émérance akakunja goti, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Jambo papa."

"Jambo mama."

"Ulilala muzuri?"

"Nililala na kikohozi."

"Batoto ba Anvers?"

Watoto wa Anvers walikuwa watano, na mzee hakumruka hata mmoja, na wajukuu pia. Nje mgonjwa mwingine aligonga mlango. Madame Berthe akauliza kama na hii ni sehemu ya mtihani.

"Iko ya mwisho, madame," Papa Anaclet alimjibu, akamaliza mjukuu wa mwisho, yule mwenye meno mabaya.

Madame Berthe akaandika: anafaa. Halafu akataka kufundishwa neno lile, sukuma.

Papa Anaclet akavaa kofia. "Bon, imelipwa," alisema. Mlangoni akageuka, akamtazama Madame Berthe. "Ila huyu naye, siku ile ya kwanza alianza kelele mbele, salamu hakunipa."

Émérance akatafsiri. Madame Berthe aliweka kalamu chini, akasimama, akamnyooshea mzee mikono miwili.