Upepo wa Gari Lililosimama

Gereji nzima ilimwita Lepe, kama lepe la usingizi, na kwa jina hilo hakuonewa. Likiletwa gari ambalo kiyoyozi chake kinatoa hewa ya moto, yeye hakukimbilia boneti. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akaomba injini iwashwe. Kisha aliunyoosha mkono hadi kwenye matundu ya hewa, akageuza mgongo wa kiganja uelekee upepo, akafumba macho. Akatulia hivyo. Mtu asiyemjua angeapa kwamba fundi amepitiwa na usingizi. Waliomjua nao hawakuwa na uhakika sana.

Ukweli ni kwamba akifumba macho aliiona ile hewa. Ya gari lililoishiwa gesi ilikuja nyepesi, kama mtu anayepiga mluzi usiotoka. Ya gari lenye chujio lililoziba ilikuja ikijivuta, na harufu ya majani makavu. Wakati mwingine ilimchukua mbali kabisa, akarudi na kumkuta mwenye gari akimwangalia kwa wasiwasi.

Tabia hiyo aliitoa nyumbani. Mama yake alikuwa dobi, akipiga pasi ya mkaa katika chumba chenye dirisha moja dogo, na Lepe alikulia chini ya meza ya pasi, katikati ya mashuka yaliyoning'inia kama mawingu. Kutokea pale chini alimwona mama akiinua pasi karibu na shavu lake, akifumba macho na kunyamaza kidogo. Ndipo aliposema "tayari" au "bado". Akisema bado, hata mwenye shati awe amesimama mlangoni na viatu vya safari, ilikuwa bado. Mama hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Alipoinyunyizia nguo maji, matone yalipenya pembeni mwa meza na kumdondokea mtoto shingoni, na Lepe hadi utu uzima aliamini kwamba mapenzi yake na baridi yalianzia kwenye matone yale.

Sasa mama alikuwa hospitali. Jicho moja lilikuwa limeingia giza miaka mingi, na lililobaki ndilo lililokuwa limefanyiwa upasuaji. Kesho yake asubuhi angeruhusiwa kwenda nyumbani. Nesi alikuwa amewaketisha na kuwaeleza taratibu, kama anayesema na watoto: vumbi lisiingie katika jicho hilo, na jasho lisitiririkie humo. Barabara ya kwenda nyumbani ilikuwa inajengwa, vumbi lake la kukoroga kwa mwiko. Maana yake vioo vifungwe safari nzima, na katika jua lile, gari lililofungwa vioo bila kiyoyozi ni tanuri.

Gari lenyewe lilikuwa teksi ya shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Alifika gerejini mchana akiwa na uso wa aibu, maana Lepe hakuwa fundi wa kwanza kuliona gari hilo. Alikuwa ameshalizungusha kwa mafundi wengine, na kila mmoja alimwongezea gesi.

"Shemeji, nimejaziwa gesi mpaka gari limenenepa," alisema. "Inapoa, halafu inaniletea kiangazi."

Lepe alimuuliza inapoa wakati gani.

"Ikijisikia."

Lepe akaketi kwenye kiti cha abiria na kumwambia waende tu, popote. Shemeji alinung'unika kwamba amekuja kutengenezewa gari, si kumbembeleza mtu mzima alale, lakini akaondoka.

Barabara ilipofunguka, ubaridi ulikuja. Ulikuwa mwembamba, ila ulikuwa ubaridi. Lepe alifumba macho, na mashuka yakaanza kupepea. Alimwona mama amekaa katikati yake na kitambaa cheupe usoni, akingoja kuambiwa kama kumekucha. Shemeji alikuwa akisimulia habari ya abiria mmoja aliyesahau mguu mmoja wa kiatu, na sauti yake ikawa kama redio ya nyumba ya pili. Kisha gari likapunguza mwendo, likasimama nyuma ya foleni ya magari, na upepo ukabadilika mkononi mwa Lepe. Uligeuka vuguvugu pole pole, kama chai inayosahauliwa, ila kinyumenyume. Mara joto la nje likamfunika uso.

Alifumbua macho. Kioo cha dereva kilikuwa chini.

"Mbona umefungua dirisha?"

"Nani?" Shemeji alikitazama kioo kana kwamba kimeteremka chenyewe. "Ah. Si tumesimama? Nikisimama huwa nafungua."

Lepe akacheka peke yake. Kumbe ndiyo maana hakuna aliyejua. Gari lilikuwa likipoza linapokwenda na kushindwa linaposimama, lakini mwenyewe, kila aliposimama, mkono ulishafungua kioo kabla kichwa hakijauliza kwa nini. Mafundi wote aliwaambia kwamba ubaridi unakuja na kupotea. Hakuwaambia unapotelea wapi.

Gerejini alifunga geji za kupimia shinikizo kwenye mabomba ya gesi na kuacha injini ingurume papo hapo. Mshale wa upande wa shinikizo kubwa ulipanda, ukapanda, mpaka kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikajizima. Akachukua ndoo ya maji na kuyamimina taratibu juu ya kondensa, ule wavu wa mbele ambao gesi hupitia ili kuliacha joto ililolibeba kutoka ndani ya gari. Mshale ukashuka. Shemeji, aliyeketi ndani, akapiga kelele kwamba kumekuwa baridi. Basi ikawa wazi. Gari likienda, upepo wa barabara hulichukua joto pale kwenye wavu. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni, na feni ilikuwa imekufa. Ile gesi ya kuongezwa na kuongezwa ilizidisha balaa, kama kumlisha mtu aliyevimbiwa.

Lepe aliivuta gesi yote kwa mashine na kuirudisha mtungini, kisha akaifungua mota ya feni. Kaboni zake, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika hadi mwisho. Feni ya gari la aina ile haikuwepo katika duka lolote la jirani. Zilipatikana kaboni za mota nyingine, nene kuliko zilizotakiwa, na Lepe akaketi chini na karatasi ya msasa, akazisugua. Alisugua, akajaribisha, akapuliza unga mweusi, akasugua tena. Jua lilianza kulala juu ya mabati. Shemeji alitembea huku na huku, akipendekeza taulo lililoloweshwa, kisha mwavuli ndani ya gari, kisha wamwombe mama akae hospitali mpaka mvua zinyeshe.

Hatimaye feni ikazunguka.

"Haya, asante Mungu, funga twende."

Lepe alikuwa ameinamisha shavu karibu na mota, macho yamefumbwa. Kulikuwa na joto dogo upande mmoja, na mkwaruzo kama wa mtu anayesafisha koo mbali. Njiani kesho, mkwaruzo huo ungeikamata feni na kuisimamisha.

"Bado," alisema.

Akaifungua upya. Shemeji aliishiwa mapendekezo, akaketi juu ya tairi. Kaboni moja ilisuguliwa tena kidogo sana, feni ikarudishwa, ikavuma kwa sauti moja. Ndipo Lepe alipojaza gesi, kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, bila kuongeza hata pumzi.

Asubuhi mama aliketishwa nyuma, kitambaa kikiwa jichoni, Lepe ubavuni mwake. Mjini mambo yalikwenda vizuri, lakini Lepe hakufumba macho. Alikuwa akingoja gari lisimame kwenye vumbi.

Walifika penye ujenzi, wakasimamishwa wapishe upande wa pili. Malori yalipita na vumbi likalifunika gari mpaka dunia ikapotea, ikabaki rangi ya kahawia tu kwenye vioo. Mkono wa shemeji ukaenda kwenye kitufe cha dirisha. Ukasita. Ukarudi kwenye usukani. Mbele, feni ikaanza kuvuma.

Mama alisogea mbele katikati ya viti, akapeleka shavu kwenye matundu ya hewa. Akanyamaza. Lepe alimwangalia kama alivyomwangalia zamani kutoka chini ya meza.

"Tayari," mama alisema.

Akarudi kuegemea kiti, uso mkavu, bila tone la jasho. Baada ya muda aliomba shali, akisema wanataka kumgandisha kama nyama ya bucha. Shemeji akamuuliza Lepe kama apunguze kidogo. Kichwa cha Lepe kilikuwa kimeegemea kioo, macho yamefumbwa.

"Huyu safari hii kalala kweli," shemeji alisema.

"Mwache," mama akajibu, akajitandika shali mpaka kidevuni, na kusubiri barabara ifunguliwe.