Cheti cha Useja na Mbuzi Tisa

Koti nililovaa katika ile picha halikuwa langu. Lilikuwa la mpiga picha wa Butembo, la kijivu, kola yake ikiwa imeng'aa kwa shingo za watu wengi. Kila aliyetaka picha ya kusafiria alilivaa, mrefu kwa mfupi, hata miaka ile ofisi zote kutoka Butembo mpaka mpakani zikawa zimejaa watu wa koti moja. Nilipiga picha nane. Saba zilikuwa za ofisi. Ya nane nilimpa mchumba wangu, nikamwambia aitunze, kwa sauti ya mtu anayekabidhi mali.

Nilikuwa mwanafunzi wa Kiingereza katika mji ambao waliozungumza Kiingereza walikuwa askari wa kigeni tu, na hao hatukuwa na hamu ya kuzungumza nao. Kanisa moja la mbali lilikubali kunilipia muhula mmoja katika chuo huko Kampala. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vinaendelea. Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa mapigano, na pasipoti tulizisikia kama habari za marehemu. Waasi waliotutawala walitoa kibali cha kuvuka mpaka, karatasi moja yenye mihuri mingi, na kilipatikana Beni kwa mwenye jalada kamili.

Niliutaka muhula ule kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Yule msichana nilimtaka pia. Sikuona kwamba hayo yalikuwa mambo mawili.

Kanisa lile lilitaka vyeti vya kawaida: cha kuzaliwa, cha afya, cha tabia njema, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwishoni kabisa lilitaka cheti cha useja. Inasemekana mwanafunzi aliyenitangulia alifika chuoni na mke na watoto watatu, wakalala wote katika chumba cha kitanda kimoja, na wafadhili wakaapa kwamba hawatalipia tena mtu mwenye familia. Mama alikuwa ameshaanza kuchambua maharagwe ya kubeba. Sanduku niliazima kwa mwimbaji mmoja wa kwaya, lilikuwa halifungi bila kamba. Nilidhani cheti cha useja kingekuwa rahisi kuliko sanduku.

Chef, yaani mkuu wa mtaa wetu, alikuwa fundi viatu. Muhuri wa serikali, serikali yoyote iliyokuwapo, ulikaa ndani ya kopo tupu la rangi ya viatu.

"Célibataire ni nani?" aliniuliza, yaani mseja ni nani.

"Ni mimi, chef."

"Weye? Mimi mwenyewe nilivuta mbuzi yako kwa kamba mpaka kwa gari. Ile ya kichwa nyeupe ilinipiga pembe. Angalia." Akapandisha mguu wa suruali, akanionyesha kovu.

"Mais chef, hatuyafika kwa kanisa."

"Kanisa ni ya Mungu. Mbuzi ni ya batu. Mutu mwenye ametoa mbuzi iko na bibi."

Alikuwa na haki. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na baba yangu alikuwa ameshapeleka tisa Beni, kwa baba wa msichana, katika mtaa wa Mulekera. Walibaki watatu tu kukamilisha mahari. Mbele ya kila aliyekula karamu siku ile ya kupeleka mbuzi, mimi nilikuwa mwanamume mwenye mke, ila mke hajahamia.

Chef alipigilia msumari kwenye soli, akanionea huruma. "Mukwe wako aandike karatasi," alisema. "Aseme ile mbuzi ziko za kuchungisha tu. Nikiona vile, nasaini."

Kuchungisha ni desturi ya zamani. Mwenye mbuzi wengi na nyasi chache huwapeleka kwa rafiki, rafiki awachunge, na watoto wanaozaliwa wagawane. Mbuzi wenyewe wanabaki mali ya aliyewaleta. Mmoja akifa, mchungaji anapeleka ngozi ionekane, na hasara ni ya mwenyewe. Kila mtoto kwetu anaijua sheria hiyo. Mimi niliijua pia, lakini nilikuwa chuo kikuu, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba karatasi ni karatasi.

Nilipanda gari mpaka Beni, na kwenye kila kizuizi nilishuka na kujieleza. Baba wa msichana alikuwa shemasi wa Kiprotestanti, mtu wa kahawa na mihogo, mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi. Alipenda kuniita mukwe. Nilimweleza. Aliomba siku mbili za kufikiri, na mimi nikazikaa kwa shangazi yangu katika mtaa wa Ruwenzori, nikimlaumu kwa kunichelewesha.

Siku ya tatu alimwita binti yake aandike. Msichana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa ofisi yoyote niliyoingia mwaka ule. Alichana karatasi kwenye daftari lenye jalada la buluu, akaketi.

"Niandike mbuzi ngapi?"

"Tisa."

"Na mimi, nijiandike wapi?"

"Weye hauko ndani," nilimwambia. "Ni mambo ya mbuzi tu."

"Sawa. Siko ndani." Akacheka kidogo, akaandika.

Baba yake aliisoma mara mbili. "Mukwe, hii maneno ni ya kweli?"

"Ni ya ofisi, ya bureau tu, baba."

"Mimi sisaini kitu ya bongo, ya kudanganya. Nikisaini, njo vile iko."

Akasaini. Nilicheka kwa adabu, nikidhani ni utani wa wakwe. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, na kwetu uongo mdogo una mlango wake wa kutokea, Jumamosi jioni kwa padri. Sikufikiri kwamba mtu asiye na mlango huo, akishasaini, hana budi kuishi humo ndani.

Chef naye alisaini, akapiga muhuri, na kuanzia siku ile nikawa mseja kwa sheria. Nilirudi Beni na jalada kamili na sanduku lililofungwa kwa kamba. Ofisi ya vibali ilinipokea picha zangu, moja kwa kila meza, ikaniambia ningoje wiki moja. Nilingoja kwa shangazi. Katikati ya wiki ile askari walipita Mulekera. Walikuwa askari wa nani, kila mtu alikuwa na jibu lake. Walikaa siku mbili, wakala kila kilichokuwa na miguu minne, wakaondoka.

Kesho yake nilikwenda kutoa pole. Jalada nililibana kwapani, kwa sababu mchana ule nilikuwa nimeitwa ofisini kuchukua kibali, na nilitaka kupitia hapo tu, kama mtu anayepita dukani. Mzee alikuwa ameketi uani. Miguuni pake palikuwa na kamba tisa, zimeviringwa vizuri moja moja.

"Pole, baba."

"Pole kwako, mwanafunzi," alisema. "Ngozi sikupata, balienda nayo. Kamba njo hizi."

Nilisikia neno mwanafunzi kabla sijazielewa kamba. Nilimtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona.

"Baba, ile ilikuwa maneno ya bureau."

"Najua. Na mimi nilisaini." Hakupandisha sauti. "Sikia. Uko na ile cheti ya chef? Leta hapa tuiweke kwa moto, na karatasi yangu nayo. Mbuzi zitakuwa zangu, zimekufia kwangu, na hasara ni yangu. Utaongeza zile tatu, utaoa."

"Na safari?"

"Mimi siko bureau."

Nilimweleza kwamba muhula ni miezi minne tu. Nikirudi nitaleta mbuzi wengine tisa, hata kumi na wawili kwa mara moja.

"Zitatoka wapi?" aliuliza. "Unasikia mbuzi moja inalia hapa?"

Tukasikiliza. Huko mbali pikipiki ilipita. Mbuzi hakulia hata mmoja, si kwake wala kwa majirani.

Msichana alitokea mlangoni na madaftari ya wanafunzi wake mkononi. Sidhani kuna neno ambalo hakulisikia. Nilimtazama nikitumaini aniambie nenda. Nilitaka ruhusa yake, ili jambo likiharibika liwe lake. Bado najionea aibu kwa tumaini lile kuliko kwa mengine yote.

Alimuuliza baba yake, "Atakunywa chai, ao anaenda?"

"Muulize mwenyewe."

Akanigeukia. Nilijibu kwamba bureau inafunga saa tisa.

Hivyo ndivyo nilivyoamua. Watu wenye tabia ya maana huamua mambo makubwa kwa maneno makubwa. Mimi nilijibu swali la chai.

Msichana alinisindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni husindikizwa hata akiwa mjinga. Nilikuwa nimezibeba kamba tisa, baba yake hakukubali niziache. Tulipofika alitoa ile picha ya nane kati ya madaftari, akaniwekea juu ya jalada.

"Hii ni yako," nilimwambia.

"Chukua. Kuko bureau ingine mbele. Itakuomba picha."

Niliporudi baada ya muhula, nikiwa na Kiingereza kizuri ambacho hakuna aliyekihitaji, alikuwa ameolewa Kamango, kwa mbuzi waliotoka ng'ambo ya mpaka. Baba yake alinisalimu vizuri kanisani kwao, siku niliyokwenda kwa udhaifu. Aliniuliza kama Kampala kuna baridi.

Lakini hayo yalikuwa bado. Kesho yake, mpakani Kasindi, nilipanga foleni asubuhi nzima na maharagwe ya mama na sanduku, ambalo sasa lilikuwa limefungwa kwa kamba za mbuzi, maana ile ya kwanza ilikatika njiani. Karani wa upande wetu alisoma cheti cha useja, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, kisha akasema inakosekana picha moja. Nilimwambia zote saba zimekwisha ofisini Beni. Alisema bila picha hakuna kupita. Nikampa ile ya nane.

Aliigeuza. Nyuma yake kulikuwa na gundi ya uji wa muhogo iliyokauka, na kipande cha karatasi ya buluu kilichong'oka nayo, kama cha jalada la daftari. Yule msichana alikuwa ameibandika kwenye daftari lake. Mimi sikujua.

"Picha yako chafu," karani alisema, akaanza kuikwangua kwa ukucha. Nilimngoja amalize. Kisha akaipiga pini kwenye kona, juu ya bega la koti, akaniambia nipite.