Kwenye filamu ya dada yangu, mama ndiye aliyeniuza

Admin, nifichie jina langu. Hata majina niliyotaja humu siyo ya kweli. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina saluni ndogo hapa Mbeya, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Kwetu ni Mufindi, si mbali na Nyololo. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtakaokuta maneno makali mnivumilie.

Baba yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Mama, mimi na mdogo wangu tukabaki kwenye eneo la ukoo chini ya baba mkubwa, kaka yake marehemu. Nilipofika kidato cha pili, baba mkubwa akaniletea mchumba, mfanyabiashara wa mbao mwenye wake wengine, na mahari akaipokea yeye bila hata kumuuliza mama. Mama hakubishana naye. Alfajiri moja akaniamsha, akafunga nguo zangu kwenye khanga, tukakatiza mashamba ya chai mpaka barabara kuu. Akaniombea lifti kwenye lori la kwenda Iringa, akamsihi dereva anishushe njia panda ya Tosamaganga, niende kwa masista aliokuwa anawafahamu. Ndiyo sababu nilimaliza shule. Yeye aliporudi nyumbani, baba mkubwa alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka mguu ukavunjika. Mguu uliunga vibaya, na mpaka leo anachechemea.

Baba mkubwa ana binti, nitamwita Vumi. Tunalingana umri, tumekua pamoja, na siku mama anapigwa alikuwepo pale uani. Baadaye alisoma mambo ya filamu Dar. Mwaka jana akaja nyumbani akasema anatengeneza filamu ya wasichana wa huku kwetu wanavyokua, tangu wanacheza rede mpaka wanakuwa wanawake. Nilifurahi jamani. Akashinda kwa mama, wanapukuchua mahindi huku simu inarekodi. Mama alimweleza yote mbele yangu, hata ambayo mimi sikuwahi kuyasikia, kwamba asubuhi ile njiani alitetemeka hadi akataka kunirudisha, na alichojiambia ili aendelee kutembea.

Filamu ikaonyeshwa ukumbini hapa Mbeya. Mama alikuja na basi, amevaa kitenge kipya, anawaambia watu, "Mwanangu ndiye aliyeitengeneza." Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Wale watoto wanavyocheka, binti anavyovunja ungo akiwa shuleni anakosa wa kumwambia, nililia kwa sababu ni sisi kabisa. Halafu akaingia mama wa yule binti. Anachechemea, kilemba amekifunga kama mama yangu, hata kuongea kwake ni kama mama yangu. Na ndiye anayepokea mahari. Ndiye anayemfungia binti ndani asitoroke. Anayemwamsha alfajiri na kumpeleka barabarani ni baba yake mkubwa, mzee mpole mwenye huruma, na njiani anasema maneno yale yale mama aliyomwambia Vumi wakipukuchua mahindi.

Ukumbi mzima ukawa unamsonya yule mwanamke. Dada mmoja aliyekaa karibu na mama akasema mtu kama huyo hastahili kuitwa mama. Mama akainamisha kichwa. Tulipotoka nje aliniuliza kitu kimoja tu, kwa Kibena, "Nilimkosea nini yule mtoto?"

Nilimpigia Vumi. Mwanzoni akaniambia ni filamu tu, haijataja jina la mtu. Nikamwambia hata mguu umeuchukua. Hapo akasema, "Dada, baba yangu ni mzee wa kanisa na ana presha, aibu hii itamuua. Mama yako ni mtu wa kijijini tu, nani atamjua?"

Anajulikana. Kijijini wameshaitazama kwenye simu, na ukweli wa siku zile ulifichwa ndani ya ukoo, hawaujui. Mama ameacha kwaya ya akina mama kwa sababu wenzake wakimwona wananyamaza. Na baba mkubwa, bila haya, alinipigia kunipongeza. Akasema mwanawe amewaonyesha watu jinsi wanawake wanavyouza watoto wao. Nilikata simu. Yule mzee sitamwamkia tena mpaka nazikwa, na Vumi siyo ndugu yangu.

Sasa Vumi anaipeleka Iringa, ukumbi mkubwa, na watakuja wanafunzi wengi. Amenitumia ujumbe akitaka nipande jukwaani niseme mimi ndiye yule binti, ili watu waamini. Hajaniomba hata msamaha. Nimemjibu nitakuja, na hajui kilichoko moyoni mwangu. Nataka nishike kipaza sauti niseme mbele ya wote nani alipokea mahari na nani alivunjwa mguu.

Yanayonirudisha nyuma ni mawili. Mwalimu mmoja ninayemsuka ameniambia kuwa shuleni kwake, baada ya filamu ile, msichana alimfuata akamweleza kuwa kwao wanataka kumwoza, na ndoa ikazuiwa. Naogopa nikiiumbua filamu nitawaponza na wasichana kama huyo. La pili ni mama mwenyewe. Anasema nimwache Vumi, yeye ameshazoea kuumizwa na ule mlango wa baba mkubwa. Mume wangu naye anasema nimsikilize mama. Lakini wote wawili hawasemi ni nani atakayelisafisha jina lake.

Kwa hiyo nawauliza ninyi. Nipande niseme, au nikae kimya kama mama anavyotaka? Matusi yenu nitayapokea. Ila wewe utakayeniandikia "samehe tu, ni ndugu", hebu kwanza niambie kila Jumapili nimwambie nini mama yangu, akiwa amekaa nyumbani na kwaya inaimba bila yeye.