Aliyenisomesha Alikuwa Akitwanga Mpunga

Shule ya serikali niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukikuta mahali nimeandika kama ninavyoongea, vumilia, ndivyo nilivyo. Kurani yote ninayo kifuani, lakini hiyo sikuipata shuleni. Nilikuwa imamu wa msikiti mdogo hapa Magamba miaka mingi, tangu msikiti wenyewe ukiwa wa miti na udongo, na ng'ombe wa jirani zetu Wasukuma wakiingia mpaka uani kunywa maji yetu ya kutawadhia. Siku hizi una bati na feni mbili. Moja inafanya kazi.

Uimamu uliniponyoka kwa sababu ya fomu. Wapo wanaosema nilisusa. Sikususa.

Fomu aliileta katibu wa kamati ya msikiti, kijana mwenye duka la simu pale Kashaulili. Heshima anayo, siwezi kumsema vibaya. Alikuja na pikipiki asubuhi akanikuta napalilia mahindi.

"Shikamoo shehe. Wakubwa wa mkoani wanataka kila imamu ajaze hii. Jina, umri, ulisoma wapi, alikusomesha nani."

Nikamwambia aandike yeye, mikono yangu ina udongo. Akaandika vizuri tu mpaka kwenye mstari wa mwalimu, akaniinulia macho.

Hapa niseme ukweli, maana nisipousema sasa nitausemea wapi. Maisha yangu yote, mtu akiniuliza nilisoma kwa nani, nilikuwa namjibu, "Kwa mtu wa Ujiji." Watu wakisikia Ujiji wanaitikia kwa kichwa, tayari wameshamwona shehe mwenye kilemba na ndevu nyeupe. Nami nawaacha waendelee kumwona. Neno langu lilikuwa kweli, ila nililitumia kama uongo, na nililitumia kwa sababu nilikuwa naona aibu.

Mtu huyo wa Ujiji alikuwa mwanamke. Alikuja Majimoto, nilikokulia, na mumewe aliyeuza dagaa. Mume akafa, yeye akabaki, akawa anaishi kwa kuwatwangia watu mpunga. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani huko kwao, na yeye binti alikaa nyuma ya pazia akihifadhi yale waliyokuwa wanafundishwa wavulana. Wengi wa wale wavulana walitoroka. Yeye alimaliza. Mama yangu alinipeleka kwake kwa sababu nilikuwa mtundu, nilishachoma banda la mbuzi la watu, akataka tu nipate mahali pa kutulia. Usidhani kulikuwa na mpango wa kupata imamu.

Kusoma kwenyewe kulikuwa hivi. Yeye anatwanga, mimi nimekaa juu ya gunia, nasoma. Mchi ukiendelea, nimepatia. Mchi ukisimama hewani, nimekosea, narudi mwanzo wa aya. Anaushikilia juu, mikono inaanza kutetemeka, ananisubiri nijisahihishe. Hakunichapa hata siku moja. Mara nyingi nilitamani anichape, maana mtu akichoka kwa kosa lako huku unamwona, unasoma haraka mwenyewe. Mpaka leo akitwanga mtu nyumba ya pili na mimi niko kwenye sala, najikuta nafuata mchi wake.

Basi, pale shambani nikamtajia katibu jina. Akacheka.

"Shehe, si jina la kike hilo?"

"La kike."

"Acha utani."

"Mimi na wewe hatuna utani. Andika."

Baada ya siku chache kamati ikaniita, baada ya sala ya alasiri. Mwenyekiti ni rika langu, tulioa mwaka mmoja, na harusi yangu ndiyo iliyokuwa na pilau zaidi. Pembeni yake alikaa mwalimu mgeni kutoka mkoani. Huyo akaniomba nisome kidogo. Nikasoma. Akanihamisha sura, nikasoma. Akanikatisha katikati ya aya, akanirusha kwingine, nikasoma.

"Usomaji wake hauna kosa," akasema.

Mwenyekiti akageukia kwangu. "Sikia mzee mwenzangu. Mwandike yule shehe wa Tabora, yule marehemu. Hakuna wa kwenda kumuuliza."

"Yule nilimwona mara moja. Nilimbebea mkoba."

"Si ndiyo hapo! Umembebea mkoba, umesoma kwake!"

Wote wakacheka, hata mimi nilicheka. Kisha nikawauliza, "Nyie mnaocheka, kosa la mwalimu wangu ni lipi?"

"Watu watasema tunasalishwa na mtu aliyefundishwa na mwanamke," akajibu mwenyekiti.

"Mnasalishwa naye siku zote. Kuna sala iliyowahi kurudishwa?"

Nikamgeukia mgeni. "Mwalimu, wake wa Mtume hawakuwasomesha wanaume dini?"

Akatazama mkeka. "Waliwasomesha."

"Basi waambie hawa."

"Mimi si mtu wa kamati, mzee wangu."

Nikapewa mpaka Ijumaa. Nibadilishe jina, au atafutwe mwingine. Nyumbani mke wangu akaniambia, "Wewe umemficha yule mama ulipokuwa na nguvu, leo huna hata meno ndiyo unajifanya shujaa." Hakuna aliyenipiga kama yeye. Lakini maneno yake ndiyo yaliyonikaza.

Ijumaa nilisimama mbele ya watu kabla ya hotuba, nikawaambia nilisoma kwa nani, na namna nilivyosoma, na kwamba kwa kumficha nilimkosea. Wazee wawili walitoka. Vijana wakaanza kupiga kelele kwa ajili yangu, nikawanyamazisha, msikiti si uwanja wa mpira. Kisha nikamwachia nafasi kijana aliyeletwa na kamati, nikarudi safu ya kwanza, nikasali nyuma yake. Anasoma vizuri. Anakimbia kidogo.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja nyumbani na fomu mpya. Kijana amepata kazi Dar es Salaam, anaondoka.

"Nafasi iko wazi, mzee mwenzangu. Watu wanakutaka. Andika marehemu, yaishe."

Nikamwomba kalamu. Safari hii niliandika mwenyewe, herufi kubwa, zimepinda kama za mtoto. Mstari wa mwalimu nikaweka jina lile lile, nikaongeza na la baba yake, na Majimoto. Mwenyekiti akalisoma, akanitazama, akaacha chai yake nusu. Fomu aliondoka nayo. Mpaka leo sijui ameipeleka au ameichana, na sijakwenda kumuuliza.